Udongo wa John Innes Na. 2 kwa Kampanula ya Milimani: Unafaa, Lakini Si Peke Yake

Campanula portenschlagiana ni mmea wa kudumu wenye asili katika miamba ya chokaa ya Dalmatia, pwani ya Kroatia, na kwa sisi tunaoishi Uingereza ni miongoni mwa mimea ya milimani inayopatikana kwa urahisi zaidi. Majira ya machipuko madukani huuzwa ukiwa katika kijichungu cha plastiki cha sentimita 9, mashina yake yakiwa tayari yameanza kuning'inia nje ya ukingo. Kimo chake hakizidi sana sentimita 15, lakini hutambaa kwa upana, na kiangazi kikiingia hufunikwa na maua ya zambarau yenye umbo la kengele. Kijichungu cha dukani hujaa mizizi upesi, kwa hiyo anayeununua hana budi kuuhamishia katika chungu kikubwa zaidi, na hapo huanza swali la udongo. Tathmini hii inahusu udongo wa mifuko uitwao John Innes Na. 2, ambao nimeutumia kwa kampanula zangu zote. Hukumu yangu naitoa mapema: ni udongo bora kuliko wowote mwingine wa mifuko niliowahi kuupatia mmea huu, kwa sharti kwamba uchanganywe na changarawe kabla ya kutiwa chunguni.

Mnunuzi anapaswa kwanza kuelewa kwamba John Innes si jina la kampuni. Ni kanuni ya uchanganyaji iliyobuniwa katika miaka ya 1930 na William Lawrence na John Newell katika taasisi ya kilimo cha bustani iliyokuwa Merton, kusini mwa London, na iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa mali aliyoiacha mfanyabiashara John Innes. Miche yao ilikuwa ikifa ovyo kwa sababu kila mtunza bustani alikuwa na mchanganyiko wake wa siri, nao wakatafuta mmoja wa kuaminika. Waliamua kutumia sehemu 7 za udongo tifutifu uliopitishwa kwenye mvuke ili kuua vimelea na mbegu za magugu, sehemu 3 za piti, yaani mboji nyeusi inayochimbwa katika vinamasi, na sehemu 2 za mchanga mkavu wa chembe kubwa. Humo huongezwa chokaa pamoja na mbolea ya unga wa kwato na pembe, superfosfeti na salfeti ya potasiamu. Namba iliyoandikwa mfukoni huonyesha kipimo cha mbolea: Na. 1 ina takriban gramu 113 kwa kila lita 36, Na. 2 ina mara mbili ya hiyo, na Na. 3 mara tatu.

Kwa kuwa kanuni haimilikiwi na mtu mmoja, viwanda mbalimbali huutengeneza, na ubora hutofautiana kuliko inavyopaswa. Siku hizi wengi wamepunguza piti au kuiacha kabisa kwa ajili ya kuhifadhi vinamasi, wakaweka makumbi ya nazi au nyuzi za mbao mahali pake. Badiliko hilo naliunga mkono, na sijaona kampanula zangu zikidhurika kwalo.

Sifa kubwa ya udongo huu ni ule udongo tifutifu wenyewe. Mifuko myepesi ya matumizi yote, ambayo ndiyo inayopangwa mbele madukani, karibu yote ni piti, makumbi au nyuzi za mbao tupu. Vitu hivyo vikikauka husinyaa na kuachana na ukuta wa chungu, hata maji unayomwagia yakapita pembeni na kutoka chini huku bonge la mizizi likibaki kavu katikati. Baada ya mwaka mmoja au miwili huoza, hushuka na kujibana, na mmea huzama chini ya ukingo wa chungu. Kwa mboga za msimu mmoja hilo halina neno, lakini kampanula ni mmea wa miaka. Udongo wa John Innes haushuki kiasi hicho, hunywa maji tena kwa urahisi baada ya kukauka, na hushika virutubisho badala ya kuviacha vioshwe na kila mvua. Uzito wake pia ni faida, kwa maana chungu chenye mashina yaning'iniayo upande mmoja hakianguki upepo unapovuma. Chokaa iliyomo haina madhara kwa mmea uliozoea miamba ya chokaa.

Hata hivyo, udongo huu ukitumiwa kama ulivyo hushika maji mengi mno kwa mmea wa milimani, hasa katika majira ya baridi ya Uingereza ambayo ni ya mvua kuliko ya theluji. Baridi yenyewe kampanula huivumilia vizuri. Kinachoiua ni shina kukaa katika unyevu tangu Novemba hadi Machi. Kwa hiyo mimi huchanganya kiasi sawa cha udongo na changarawe safi ya milimita 3 hadi 6, iliyooshwa vumbi lote. Hapo ndipo ninapoichagua Na. 2 badala ya Na. 1. Ukiongeza changarawe kwa kiasi sawa, mbolea iliyomo hugawanyika nusu na kubaki katika kipimo cha Na. 1, ambacho kinautosha mmea usiopenda kushibishwa. Anayeanza na Na. 1 na kuongeza changarawe hiyohiyo hupata udongo ulio maskini, na itambidi atie mbolea ya maji mapema. Na. 3 siishauri kabisa: majani yatakuwa mengi na laini, na konokono wasio na gamba, ambao wanaipenda kampanula kupita kiasi, watakuwa wa kwanza kufurahi.

Kazi yenyewe ya kuhamisha hufanyika vizuri zaidi mwanzoni mwa machipuko, mmea unapoanza kukua, au mwanzoni mwa vuli baada ya maua kwisha na mashina marefu kupunguzwa. Mmea unyweshwe maji ya kutosha saa kadhaa kabla, kisha mashina yakusanywe juu kwa kiganja ili yasivunjike, na chungu kipinduliwe. Mizizi iliyojizungusha ilegezwe kwa vidole. Hapa udongo wa John Innes unadai uvumilivu, kwa sababu hauingii wenyewe kati ya mizizi kama ule mwepesi. Inabidi uutie kidogo kidogo na kugongagonga chungu juu ya meza, bila kuushindilia kwa nguvu. Shingo ya mmea ibaki juu kidogo ya udongo, kisha pazungushiwe changarawe ya kina cha sentimita moja au mbili chini ya majani. Tabaka hilo nalihesabu kuwa la lazima: huikausha shingo, huzuia matone ya mvua yasirushe matope juu ya maua, na hupunguza magugu.

Chungu nacho kisizidi kile cha zamani kwa zaidi ya sentimita 3 au 4 za kipenyo, kwa kuwa udongo usio na mizizi hukaa na maji. Napendelea vyungu vya mfinyanzi vipana na vya kina kifupi, vilivyothibitishwa kuhimili barafu, vikiinuliwa kidogo kutoka sakafuni wakati wa baridi ili tundu lipitishe maji. Desturi ya kuweka tabaka nene la vigae chini ya chungu haisaidii kutoa maji. Huinua tu sehemu yenye unyevu karibu zaidi na mizizi. Kigae kimoja cha kuzuia udongo usimwagike tunduni kinatosha.

Kasoro za bidhaa hii ni tatu, na moja ni nzito kwa maana halisi. Anayeishi ghorofani bila lifti atateseka na mfuko wa lita 25, na ningependa watengenezaji wote watoe mifuko midogo. Ya pili ni kutolingana nilikokwisha kukutaja: katika mfuko wa kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta mabonge ya mfinyanzi na vipande vya mbao ambavyo ilinibidi nivichekeche, ilhali mwingine wa bei ileile ulikuwa laini na wenye harufu safi ya shamba. Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi. Madukani kuna mifuko ya matumizi yote iliyoandikwa kwamba imeongezewa John Innes. Hiyo si bidhaa hii. Ni udongo mwepesi uliotiwa kiasi kidogo cha udongo tifutifu, na jina limetangulizwa ili lisaidie kuuza. Njia ya kuutambua ni kuuinua: mfuko wa kweli utakulazimu kuushika kwa mikono miwili.

Bei ni kubwa kuliko ya mifuko ya kawaida, lakini ukikumbuka kwamba nusu ya chungu itakuwa changarawe, na kwamba mchanganyiko huu hukaa chunguni miaka miwili au mitatu kabla ya kubadilishwa, gharama hiyo ni ya haki. Nunua kiasi utakachokitumia katika msimu mmoja, na usichukue mfuko uliolala nje ya duka tangu mwaka uliopita, kwa sababu mbolea ya kwato na pembe huanza kuvunjika ikiwa bado mfukoni, hasa penye joto na unyevu, na maji ya mvua yakiingia kupitia matundu ya mfuko huondoka nayo kabla mmea haujaionja.