Linux Mint kwenye kompyuta ya mtumba: maoni ya mwalimu mstaafu wa Rau

Usije ukadhani unasoma maneno ya fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 67, naishi Rau hapa Moshi, na kompyuta yangu ya nyumbani ina kazi tatu tu: hesabu za kikoba chetu, barua za jumuiya, na kuonana na binti yangu aliyeko Mwanza. Ni Dell OptiPlex ya mezani, mtumba, RAM yake GB 4. Ilikuja na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na mashine yangu haina. Duka moja mjini walinishauri ninunue mpya. Wao hawajui pensheni inavyogawanyika.

Aliyenitoa hapo ni kijana wa jirani, fundi, niliyemfundisha darasa la nne. "Shikamoo mwalimu. Hiyo usiitupe, nitakuwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows." Akaja na flashi, akaiwasha kompyuta kwa hiyo flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski, akaniachia kipanya nijionee mwenyewe. Nilifungua faili za kikoba, nikachapa barua moja, nikasikiliza kwaya. Printa ikakubali. Nilipoona inatosha ndipo nikamruhusu afute ya zamani, baada ya kunakili vitu vyangu vyote pembeni. Mfumo wenyewe haulipiwi. Alichotoza ni ufundi, shilingi 20,000, na chai alikunywa. Aliniwekea Mint toleo la 22, lile jepesi liitwalo Xfce, ambalo litapata masasisho hadi 2029. Ukiwa na kompyuta ya kale kabisa ya biti 32, hili halikufai.

Kasi imeongezeka, sikatai. Ila kilichonifanya niandike ni bando. Intaneti yangu inatoka kwenye simu: naichomeka kwa waya wa USB, kompyuta inaipokea yenyewe bila kusakinisha kitu. Zamani nikinunua GB zangu asubuhi, hadi mchana zimeyeyuka na sijafungua hata barua pepe. Kumbe mashine inapakua masasisho yake kimyakimya. Najua kwenye Windows nako kuna mahali pa kuizuia, niliambiwa baadaye, lakini nani angepajua? Kwenye Mint kuna kingao kidogo pembeni mwa skrini. Masasisho yakiwepo kinaweka alama, nawe ukikibofya unaona orodha: programu gani, toleo gani, na chini jumla yake ni MB ngapi. Hakipakui hadi niseme. Nikiona Firefox peke yake, namruhusu. Nikiona mzigo wa mamia ya MB, unasubiri nikanunue bando la usiku. Hata kuangalia orodha kunakula MB chache, tusidanganyane, lakini hizo naziweza.

Jambo la pili ni flashi. Wanaochapisha steshenari za mjini wanaujua ule ugonjwa: unaenda na faili zako nzima, unarudi nyumbani unakuta zote zimegeuka vijishale vya njia ya mkato, na ukikibofya kimoja umeshaambukiza kompyuta. Mhazini wetu aliniletea flashi ya namna hiyo, analia kwamba daftari la mikopo limepotea. Nikaichomeka kwangu. Kulikuwa na vile vijishale vyenye mwisho wa .lnk, na kando yake, wazi kabisa, faili zake zote. Kirusi kilikuwa kimezificha kwa alama ambayo Windows inaiheshimu na Linux haina habari nayo. Nikazinakili, nikaifuta flashi, nikamrudishia. Sasa wananiletea flashi zao kama wagonjwa wa KCMC.

Kwenye barua kuna kazi kidogo. Badala ya Word unapewa LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Barua za kawaida zinafunguka vizuri. Hati yenye majedwali na nembo iliyotengenezwa kwenye Word ndiyo inayohama: nembo inashuka, jedwali linaingia ukurasa wa pili. Dawa yake ni kumtumia mwenzako PDF, na kitufe chake kipo palepale juu. Ukitaka yeye aendelee kuhariri, mtavutana. Kwa hesabu za kikoba, Calc, programu ya hesabu ya LibreOffice, inajumlisha na kuchuja kama nilivyozoea. Majina ya fomula hayakubadilika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukiwasha tena inakuuliza kama ikurudishie hati uliyokuwa nayo. Mara nyingi inarudisha karibu yote, lakini bado nabonyeza Ctrl na S kila mara, maana umeme wa huku nimeuzoea.

Skana imegoma. Ni mashine ya zamani yenye printa humohumo. Inachapa, ila kuskani haitaki, na fundi ameihangaikia akachoka. Stakabadhi nazipiga picha kwa simu. Ile skrini nyeusi ya kuandika amri, ambayo watu wanatishia nayo wazee, sijalazimika kuitumia.

Mint naipa nyota nne. Shemeji yangu mwenye duka la pembejeo Mbuyuni aliposikia akataka na yeye. Nikamuuliza mahesabu yako unafanyia wapi? Akasema Tally. Nimemwambia abaki na Windows, kwa sababu Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kompyuta ya watoto pale nyumbani kwake, hiyo sawa, fundi atapita Jumamosi.