Nembo inang'aa, chumba cha 14 hakipo

Kila ukurasa wa kitabu hiki cha mchezo, faili la PDF, una jina la shemeji yangu. Liko chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, pamoja na namba ya oda, kwa sababu kadi ya benki ni yake na duka la mtandaoni linapiga muhuri wa mnunuzi ili faili lisizagae. Shemeji hachezi, wala hajui dadu ya pande 20 ni mdudu gani, lakini kwa karatasi ndiye mwenye jahazi la mizimu, majini saba na jemadari mmoja anayeitwa Kijiko. Kwa Kijiko nitafika.

Mimi ni fundi wa kupanga kurasa, Nasser Road, Kampala. Kadi za arusi, kalenda za SACCO, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea wanaotaka wapunguziwe miaka kumi usoni: vyote vinapita kwenye kompyuta yangu kabla ya kwenda mashineni. Jumapili jioni tunakutana watu watano Kisenyi, chumba cha juu ya duka la shemeji, tunacheza. Kwa asiyejua: mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanaigiza wahusika, na pale penye shaka dadu inakata shauri. Mzazi wa michezo hii ni Dungeons & Dragons ya 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kati yetu yuko Mkongomani wa Nsambya, binamu yangu wa Bombo na ndugu wawili wa Busia, kwa hiyo meza yetu inaongea Kiswahili. Hakuna lugha nyingine inayotutosha wote.

Basi nilipokiona kitabu kinachojitangaza kama safari ya pwani ya Waswahili, kurasa 64, dola 8, sikujiuliza mara mbili. Karibu shilingi elfu 30. Mchapishaji simtaji jina.

Jalada, haki yake nimpe, ni kazi ya mtu anayejua kazi. Jahazi limeegemea upepo, mwezi uko nyuma ya tanga, herufi za dhahabu zimeachiwa nafasi ya kupumua. Kwenye pembe kuna nembo ya duara inayosema kitabu kinaendana na toleo la tano la mchezo huo mzazi, na dukani pembeni yake kulikuwa na medali ya fedha. Medali ile nikaidhania tuzo, kwamba majaji wamekaa wakasoma. Kumbe inahesabu nakala zilizouzwa. Duka halikuficha, limeandika wazi, mimi ndiye nilikuwa na haraka.

Nembo nayo ina hadithi yake, na ni hadithi ya watu wengi kuumia kabla yangu. Mwaka 2000 Wizards of the Coast, kampuni inayoumiliki mchezo huo, walipotoa toleo lake la tatu, waliruhusu wachapishaji wengine kutumia kanuni zake kwa leseni ya wazi, na kwa leseni nyingine ya pembeni wakaruhusu nembo ya d20, yaani ile dadu ya pande 20, ibandikwe jaladani bila malipo. Ikabandikwa, bwana! Wazoefu na waliokuwa wakijaribu bahati, wote nembo moja, na mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu hana njia ya kuwatofautisha. Mwaka 2003 kanuni zikarekebishwa, likaja toleo la 3.5, na maduka yakabaki na marundo ya vitabu vilivyopitwa. Leo mambo ni mepesi zaidi: baada ya zogo la kutaka kuibana leseni ile ya wazi, Januari 2023 kampuni hiyo iliweka waraka wa kanuni za toleo la tano, ule SRD 5.1, chini ya Creative Commons. Yeyote anaweza kujengea juu yake na kuuza, mradi ataje alikotoa. Mimi naiunga mkono hatua hiyo kwa mikono miwili. Lakini sisi huku tumezoea alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye chupa ya maji au mfuko wa saruji, alama inayomaanisha kuna mtu alichukua sampuli akaipima. Jicho likishazoea hivyo, kila duara linaliona Q. Nembo ya kuendana inakuambia plagi itaingia kwenye soketi. Kama waya ndani umeungua, hilo halimo.

Na waya umeungua. Faili lina megabaiti 212 kwa kurasa 64. Simu ya binamu ilifungua ukurasa wa kwanza, ikafikiri, ikajizima. Nilipolipasua kazini nikaona sababu: kila ukurasa ni picha moja kubwa, maandishi yamegandishwa ndani yake. Huwezi kutafuta neno, huwezi kunakili jedwali, alamisho hakuna hata moja. Katikati ya pambano mchezaji anauliza sumu ya yule nyoka inafanyaje, na msimulizi anaburuta kidole kurasa 40 huku chai inapoa.

Ukurasa wa 17, safu ya kulia, mstari wa tatu kutoka chini, panasomeka hivi: tazama ukurasa XX. Wapanga kurasa wote wanaijua hiyo XX. Unaiweka wakati kurasa bado zinahama, kisha siku ya mwisho unazipitia moja moja na kujaza namba. Ni kazi ya dakika 20. Nilizihesabu humu: tisa. Maana yake siku ya mwisho haikuwepo. Aliyechora jalada alilipwa, ila wa kupitia kurasa sidhani kama aliitwa.

Ramani ya ngome ina vyumba 12. Maelezo yanakwenda hadi chumba cha 14, na hazina yenyewe, ile tuliyoifuata kwa Jumapili tatu, iko chumba cha 14. Ikabidi msimulizi wetu avunje ukuta kwa mdomo.

Sasa Kiswahili. Kitabu kinauza Kiswahili; ndicho kilichonitoa dola 8. Mji mkuu unaitwa Bandari Port, yaani Bandari Bandari. Majini wamekuwa jinis, askari wamekuwa askaris, na mlinzi wa lango anawaamkia wageni wake wote shikamoo, pamoja na watoto. Halafu anatokea jemadari wa maharamia, mapanga mawili, kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, msimulizi anakohoa kidogo na kusoma: Kijiko. Binamu alicheka hadi akashuka chini kunywa maji. Wale ndugu wa Busia wakaapa kumshinda jemadari kwa kumtumbukiza kwenye kikombe. Pambano kubwa la kitabu likafia hapo. Mkongomani wetu, ambaye Kiswahili chake ni cha Bukavu na tunamtania kila wiki, alisema kwa utulivu kabisa kwamba kumbe kuna watu wa kutaniwa kuliko yeye. Kumpa msomaji mmoja wa Kiswahili faili hili kwa mchana mmoja kungegharimu kiasi gani? Zanzibar wapo, Nairobi wapo, hata mimi nipo.

Kinachoniuma ni kwamba ndani mna kitu. Sura ya tatu ina bandari yenye mwamba unaofichwa na maji yakijaa, na maji yakipwa njia inafunguka hadi pango la magendo. Msimulizi anahesabu saa, wachezaji wanajua wana muda mfupi, na siku ya bamvua maji yanarudi kwa nguvu kuliko walivyotarajia. Bibi yangu mzaa mama alitoka Tanga, na hivyo ndivyo alivyonisimulia bahari, kitu chenye ratiba yake kisichomsubiri mtu. Aliyeandika sura ile amewahi kusimama ufukweni. Tulicheza hadi saa tano usiku, na hakuna aliyegusa simu.

Kuchapa usijaribu. Usuli wa kila ukurasa ni kahawia iliyokolea, mfano wa ngozi ya kale, na nakala nyepesi ya kuchapisha hawakuweka. Nilichapa kurasa nne tu ofisini, bosi akaja kuuliza nani anamaliza tona. Ukingo wa kukatia pia hakuna, kwa hiyo kisu kikipita kinakula herufi. Linganisha na SRD 5.1 yenyewe: bure, kurasa 403, haina hata picha moja, sura yake kama fomu ya serikali. Ila ukitafuta neno unalipata, na ukichapa inasomeka.

Nimetoa nyota mbili kati ya tano, zote za sura ya tatu. Pia nilimwandikia mchapishaji kwa adabu, nikamworodheshea XX zote tisa na kurasa zake, vyumba viwili vinavyokosekana, na maana ya kijiko. Uzuri wa kitabu cha PDF ni huo: kosa likisahihishwa, kila aliyenunua anapakua upya bila kulipa. Alijibu baada ya siku nne, akashukuru, akasema toleo jipya liko njiani.

Wiki iliyopita shemeji amepata ujumbe kwamba kitabu chake kimesasishwa. Nikapakua megabaiti 231. Jalada ni jipya: jahazi limekuwa mawili, nembo imeongezewa mng'ao. Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa 17, safu ya kulia. XX.