Kinect sebuleni kwetu Ngamiani: inakuona, ila usivae dera

Nimenunua Kinect ya Xbox 360 iliyokwishatumika, hapahapa Tanga mjini. Ni kamera inayochomekwa kwenye Xbox, mashine ya gemu za TV, ikasoma mwili wako ili ucheze bila kushika kitu. Dukani ilifanya kazi vizuri, nikalipa. Nilipofika nyumbani haikuwaka. Kumbe Xbox yangu, ile nene ya zamani, inahitaji adapta ya umeme ya pembeni, na muuzaji alijua akanyamaza. Siku mbili nazunguka kuitafuta.

Haya, ikawaka. Ukicheza peke yako inataka usimame kama mita 1.8 mbele yake, wawili mita 2.5. Sebule za Ngamiani mnazijua. Tulitoa meza, kochi tukalibana ukutani, na bado nikisogea hatua moja mbele napoteza miguu.

Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Dirisha letu linatazama mashariki, na jua likishaingia, mtu wangu kwenye TV anatetemeka kama ana malaria. Kifaa hiki hurusha nukta za mwanga wa infraredi tusiouona kwa macho, halafu kamera yake inazisoma ili kujua kila kitu kiko umbali gani. Jua nalo lina infraredi tele, nukta zinamezwa. Nikishusha pazia, mtu anatulia.

Jumamosi akaja shangazi, kavaa dera, naye anataka kurusha tufe. Kinect hukisia viungo 20 vya mwili, mara 30 kwa sekunde. Sasa ndani ya dera goti liko wapi? Mguu wa kushoto ukapanda hadi begani. Shangazi akaduwaa: "Mwanangu, ndiyo mimi huyo?" Akalipandisha dera, akajifunga kanga kiunoni, mguu ukarudi mahali pake.

Kuruka, kuinama, kupunga mikono: hapo sina malalamiko, inafuata vizuri. Mkono ukipita nyuma ya mwili inabahatisha. Vidole haivioni kabisa. Na kuna kuchelewa kidogo. Kwenye tenisi ya meza mwanangu amejifunza kupiga kabla mpira haujafika, jambo ambalo sidhani kama litamsaidia kwenye meza ya kweli.

Toleo la 2013 linasoma viungo 25, ila halichomeki kwenye Xbox 360. Utengenezaji wenyewe ulisimama 2017, kwa hiyo utakayoipata itakuwa imeshapita mikononi mwa mtu. Uliza adapta kabla hujatoa hela.

Yangu siiuzi. Tunaiwasha baada ya Isha, meza ikiwa barazani, na shangazi siku hizi anakuja na suruali kwenye mkoba.