GParted: C imejaa, D inapiga miayo

Mimi ni fundi laptopu Kariakoo, na nyingi ninazoshika ni mitumba ya Dubai na Uingereza. Malalamiko ni yale yale: "Fundi, diski imejaa." Ukifungua, unakuta diski imegawanywa vipande viwili (patisheni): C, yenye Windows, imepewa GB 80 na iko nyekundu, D ina GB 380 na ndani yake kuna folda mbili za harusi. Mwenye mashine anarundika kila kitu Desktop, na Desktop inakaa C. Dawa yangu ni GParted, programu ya kubadilisha ukubwa wa patisheni.

Wengi wanakimbilia Disk Management, kifaa cha Windows chenyewe cha kugawa diski, na hapo ndipo wanapokwama. Ukipunguza D, nafasi inayopatikana hukatwa mkiani mwa D, wakati C inakubali kuongezwa kwa nafasi iliyoigusa ubavuni tu, upande wa kulia. Hata ukiifuta D yote, mara nyingi unakuta kipatisheni cha Recovery (cha kuiokoa Windows ikiharibika) cha MB mia kadhaa kimekaa katikati yao, na "Extend Volume", yaani kitufe cha kuongeza C, imefifia, haibonyezeki. Zipo programu nyingine za kupakua zinazojiita za bure. Unapanga kila kitu vizuri, ukifika kubonyeza ya mwisho zinakuomba kadi ya benki. Hizo nimeshazifuta.

GParted ni ya bure kweli, na ipo tangu 2004. Ninayoitumia ni GParted Live: unaishusha, haifiki GB 1, unaiandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, kisha unawasha laptopu kupitia flashi (Dell na Lenovo F12, HP F9). Inakuja skrini nyeusi yenye maswali ya kibodi na lugha. Usiogope, Enter, Enter, Enter, utafika.

Ndani unaona diski yote kama mstari mmoja: njano ni iliyotumika, nyeupe ni iliyo wazi, kijivu haina mwenyewe. Unaishika D kwa ncha ya kushoto unaisukuma kulia, unaihamisha Recovery iifuate, halafu unaivuta C ijaze pengo. Mwanzo wa C haujaguswa, kwa hiyo Windows inawaka kama kawaida. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hadi hapo hakuna kilichofanyika bado. Kazi zote zimepangwa foleni chini ya dirisha, unazisoma kwa utulivu, na unaweza kuzifuta moja moja, kuanzia ya mwisho. Ukishabonyeza Apply, basi, hakuna kurudi nyuma.

Na hapo ndipo uvumilivu unapotakiwa. Kusukuma mwanzo wa D ni kunakili data yake yote kwenda mahali papya. Kwenye SSD unakunywa chai tu, ila kwenye diski ya kuzunguka yenye mafaili mengi, iache usiku kucha. Umeme ukikatika katikati, D inaweza kwenda na harusi zote mbili. Laptopu yenye betri iliyokufa siigusi mpaka mwenyewe ahamishe vitu vyake kwenye diski ya nje. Na hata betri ikiwa nzima, bakapu kwanza.

Ukiona alama ya onyo kwenye C na GParted inagoma, sababu ya kawaida ni Fast Startup: Windows haikuzimika, imelala tu. Rudi Windows, fungua Command Prompt kama administrator, andika powercfg /h off, kisha uizime upya. Amri hiyo inafuta pia faili la hiberfil.sys, ambalo hula GB kadhaa za C. Kuna wateja waliotosheka na hapo, wakaondoka bila patisheni kuguswa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows ya kuficha data), izime BitLocker kwanza ndani ya Windows na usubiri imalize kuifungua diski yote, maana GParted haiwezi kuibadilisha ukubwa ikiwa imefungwa.

Ukimaliza, Windows inaweza kuikagua diski mara ya kwanza inapowaka. Iache imalize.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zile skrini nyeusi za mwanzo. Mteja akiziona tu anaanza kuuliza kama laptopu yake bado iko hai.