Chati ya ukutani ya masultani wa Busaidi: nunua, lakini bahari iko wapi?

Hii chati niliipata soko la Kibuye hapa Kisumu, kwa mama mmoja anauza ramani na vitabu vya shule vya mtumba, akataka 800 tukaelewana 650. Ni karatasi kubwa ya laminesheni, imechorwa ukoo wote wa Busaidi, yaani Waarabu wa Oman waliotawala Muscat na baadaye Zanzibar na pwani yetu, kuanzia Imamu Ahmad bin Said mpaka Sultan Jamshid, wa mwisho wa Zanzibar, alafu tawi la Muscat linaendelea peke yake mpaka Qaboos aliyeshika 1970 na Haitham aliyeko sai. Mimi hufundisha historia sekondari, na chati za hii mada huku kwetu hupati kirahisi, ukipata ni za marais na wadudu.

Printi ni safi. Maandishi makubwa, mwanafunzi wa nyuma anasoma bila kusimama, rangi hazijamwagikiana, laminesheni imeshika vizuri isipokuwa kona moja ya chini imeanza kuachia na nimeibana na selotepu. Picha za watawala zimetoka vizuri, ya Barghash, sultani wa Zanzibar, na kilemba chake ndio inavuta watoto kwanza.

Penye wamefanya kazi ya maana sana ni 1856. Hapo mstari mmoja wa dhahabu unashuka kutoka kwa Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806, alafu unapasuka, mwekundu unaenda kwa mwanawe Majid Zanzibar na wa kijani kwa mwanawe mwingine Thuwaini Muscat, na chini kuna maandishi madogo kwamba 1861 Lord Canning, mwakilishi wa Uingereza kule India, ndiye aliamua hao ndugu watengane kabisa, na Zanzibar iwe inalipa Muscat riale 40,000 kila mwaka juu ndio ilikuwa tajiri. Nilikuwa nachukua kipindi kizima kueleza hiyo maneno na watoto bado wanachanganya, sasa naweka tu rula pale kwa mstari na wanaelewa.

Lakini sasa malalamiko yangu, na ni makubwa. Hawa watu walikuwa watu wa bahari na kwa chati yote hakuna hata jahazi moja! Huyo Ahmad bin Said unayemwona juu kabisa alikuwa mfanyabiashara mwenye vyombo, liwali wa Sohar, mji wa bandari, akawatoa Waajemi na ndio akachaguliwa imamu miaka ya 1740. Hata kabla yake, ukoo wa Yaarubi uliwatoa Wareno Muscat 1650, alafu kwa meli ukaja kuwatoa Fort Jesus 1698. Said mwenyewe alikuwa anatembea kati ya Muscat na Unguja kwa pepo, kaskazi inawaleta, kusi inawarudisha, mwishowe akaona Unguja panamfaa zaidi akahamishia makao huko, akapanda karafuu, 1837 akawa ameshawashinda Mazrui, ukoo uliokuwa unatawala Mombasa, na 1840 akatuma meli yake Sultana mpaka New York na balozi Ahmad bin Naaman, imebeba tende, kahawa, pembe na karafuu. Na hata kufa alifia baharini, 1856, akitoka Oman kurudi Unguja. Chati imeandika tu "alifariki 1856" basi. Mwanafunzi anaangalia anaona wazee wa vilemba wamepangwa, haoni ni nini iliwafanya wafike Mombasa.

Kitu ingine, utumwa haupo. Barghash amewekewa jumba lake la Beit al-Ajaib la 1883 na picha nzuri, lakini 1873, mwaka aliosaini mkataba wa kufunga soko la watumwa, haupo, na 1897 chini ya Sultan Hamoud, sheria ilipoacha kuutambua utumwa, pia haipo. Hizo karafuu zililimwa na nani? Hili mimi siwezi kulipita kimya mbele ya watoto, nimekata karatasi nikaandika hiyo miaka na kalamu nyekundu nikabandika kando ya Barghash.

Na Khalid bin Barghash wamemruka kabisa, nafikiri juu alikaa kitini siku mbili tu, Agosti 1896, Waingereza wakapiga jumba kwa mizinga chini ya saa moja vita ikaisha. Jamani huyo ni wa kuwekwa! Alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, wakampeleka Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata 1916 wakamhamisha mbali, na akafia Mombasa 1927, hapa hapa Kenya.

Sisi wa huku magharibi tungewekewa pia mstari mmoja. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kwa mali ya wafadhili wa Unguja ilifika mpaka kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, ndio maana Mumias ina Uislamu wa zamani hivyo, na wanafunzi wangu wengine ni wa huko, wangeona hii habari pia ni yao.

Kwa upande wa Kenya wamejaribu, kuna kisanduku cha mwambao wa maili kumi, kwamba 1895 Uingereza ilikodi kwa sultani kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na kwamba Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana pwani iwe ya Kenya. Hicho kisanduku peke yake ni kama 200 ya hiyo bei. Printi ni ya zamani lakini, Jamshid ameandikwa 1929 na kistari wazi, wakati alishafariki Muscat Desemba 2024, kwa hivyo jazeni wenyewe.

Mwenye madrasa, mwalimu wa historia, ama mzazi wa mtoto anayependa hizi mambo, chukua, kwa 650 hujapoteza. Ukienda Kibuye enda Jumapili asubuhi kabla jua kali, uliza upande wa vitabu, na mwambie mama akukunjie kwa bomba la karatasi ngumu. Yangu alitaka kuikunja mara nne, nikamwambia "mama, hapana, hii inaenda ukutani", akatafuta bomba na hakuniongezea bei.