Midomo imekauka? Mafuta ya kununua Mombasa, na ya kuacha dukani

Mhogo wa kukaanga pale Mama Ngina hutiwa pilipili na kukamuliwa ndimu, na ndipo mtu ajuapo mdomo wake umepasuka. Mimi nilijua Ramadhani ya 2025. Iliangukia Machi, joto la kaskazi bado limetukalia. Mdomo wa chini ulichanika katikati, nikicheka tu damu inatoka.

Watu huuliza: Mombasa hewa yenyewe ina unyevu, midomo inakaukaje? Ngozi ya mdomo ni nyembamba mno na haina tezi za mafuta kama za mashavuni, kwa hivyo haijilindi. Tia jua, upepo wa bahari, chumvi ya kuogelea, na feni inayokupuliza usoni usiku kucha. Tia na kulamba. Mate yana vimeng'enya vya kusaga chakula. Yakikauka mdomoni, yanaondoka na unyevu uliokuwapo na ngozi inabaki inawasha. Kwa hivyo unachotafuta dukani ni kitu cha kufungia maji ndani kisichochokoza ngozi. Harufu na ladha ziache.

Namba moja naipa vaselini tupu, isiyo na manukato. Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872, na hadi leo hakuna mafuta ya kawaida yanayoipita kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Kikopo kidogo bei yake haiachani sana na staftahi ya mahamri na mbaazi. Wengi huikosea kwenye kupaka: wanaipaka juu ya mdomo mkavu, kisha wanalalamika haifanyi kazi. Haina maji ya kukupa, inafunga yale inayoyakuta. Usiku ukishapiga mswaki, lowesha midomo, usiifute, chota kiasi cha punje ya mtama na ugandamize taratibu kwa kidole. Mimi usiku wa nne magamba yalitoka yenyewe nilipokuwa nanawa. Usiyang'oe kwa meno, nakuomba.

Ya pili ni mafuta ya kijiti yenye kinga ya jua, ya kipimo cha SPF 30 au zaidi. Kwa mvuvi, mtu wa bodaboda, muuza madafu, na kila anayeshinda juani, haya ndiyo ya kwanza. Vaselini haizuii jua, na mdomo wa chini umetazama juu, ndio unaopigwa zaidi. Ni ghali mara kadhaa kuliko vaselini, na yataka kurudiwa kila baada ya saa 2, na tena ukishakula. Ikiwa nyumbani mna mtu mwenye ualbino, mnunulieni haya kabla ya mafuta mengine yoyote.

Shea naiweka ya tatu. Ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, nayo hulainisha vizuri, ila joto la matatu laitosha kuiyeyusha mkobani. Iwe ya usiku.

Sasa mafuta ya nazi, na hapa najua tutabishana. Nyanya yangu alikuwa akikuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui kwa kifumbu, akalipika kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga na mashapo yakawa ya kahawia. Nyumba nzima inanukia. Nayapenda, nywele zangu zimekulia hayo. Lakini mafuta ya nazi hayagandi mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 24 hivi, na hapa kwetu ni majimaji mchana kutwa; ukiyapaka mdomoni, robo saa umeshayala. Ukitaka yakae, yayeyushe na nta ya nyuki, sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 za mafuta, umimine kwenye kikopo kikavu. Hapo yanapanda hadi nafasi ya tatu, sawa na shea. Yakianza kunuka uchachu, yatupe.

Vijiti vya mdomo vya mnanaa, kafuri na mdalasini viache. Nilinunua kimoja chekundu mjini kwa sababu kilinichonyota, nikadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Kumbe ngozi ilikuwa inaungua, na kila kilipokauka nilipaka tena. Gilisarini peke yake nayo huvuta maji kutoka ndani ya mdomo, basi ichanganye na maji na uifunike kwa vaselini.

Kabla hujalipa, tazama tarehe ya mwisho, alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), na kama muhuri umeshabanduliwa, rudisha.

Na kama kilichopasuka ni pembe za mdomo, mara nyingi hapo kuna fangasi, na mafuta hayataiponya. Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki 3, hasa kwa anayefanya kazi juani, kipeleke kwa daktari akakitazame.