Miche ya mivengi kwa ajili ya vyanzo vya maji: kitalu cha bondeni, Tukuyu

Kwa wenzangu wa kamati za maji mnaoniuliza kila msimu miche ya asili naichukulia wapi: ni kitalu cha bondeni, ukitoka Tukuyu unashuka kuelekea Kyela. Hakina kibao. Ukiona miche ya parachichi aina ya Hass imepangwa hadi karibu na lami, umefika. Usiishie hapo mbele lakini. Parachichi ndiyo inayomlisha mwenye kitalu. Mivengi na mikuyu, miti ya asili ya kandokando ya maji, iko nyuma kabisa, kwenye kivuli cha migomba.

Sisi tunapanda kandokando ya vijito vinavyotoka Mlima Rungwe kwenda kuingia Kiwira. Kazi ni ya msimu: tunafyeka makangaga, tunachimba mashimo, na mvua ikishakolea Desemba tunaanza kupanda. Mche dhaifu hauna nafasi kule. Makangaga yakichipua upya yanaufunika, na kiangazi kinaukuta na mizizi mifupi. Kwa hiyo kwenye mche mimi naangalia mizizi kwanza, majani baadaye.

Na hapa ndipo mama mwenye kitalu alipomaliza ubishi wangu. Nilipoanza kuinua viriba, yaani vifuko vya plastiki vya miche, na kuchungulia chini, akanipa wembe. "Chana wowote, mwanangu. Ukikuta mzizi umejizungusha, huo usinilipe." Nikachana wa katikati ya tuta, si wa pembeni alikoweka mizuri. Mzizi mkuu ulikuwa umenyooka hadi chini, vijizizi vyeupe vimeshika udongo, na donge halikuvunjika mkononi. Kuna vitalu ukichana unakuta mzizi umejiviringa kama mkia wa kinyonga. Mti wa namna hiyo unaweza kusimama vizuri mwanzoni, kisha unadumaa au unaangushwa na upepo ukiwa umeshakuwa mkubwa. Hapa nilichana mitatu na yote ilikuwa safi. Mche wa mvengi alinipa kwa shilingi 700, bei ambayo siioni kubwa.

Kingine, anauliza unakwenda kupanda wapi. Jamaa aliyekuwa mbele yangu alitaka milingoti (mikaratusi) ya kupanda ukingoni mwa mto kwa sababu inakua haraka. Mama akamwambia imekwisha. Haikuwa imekwisha, mimi niliiona kwa macho yangu! Jamaa alipoondoka akasema, "Akapande huko juu kwake, si kwenye maji ya watu." Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kitabu cha sheria sijui kama amewahi kukishika, lakini mlingoti anajua unavyokunywa maji.

Sasa lawama. Wanunuzi wa parachichi wakiwa wengi, vijana wake wanasahau kumwagilia nyuma. Baadhi ya viriba nilivikuta udongo umesinyaa na kuachana na plastiki, ukibonyeza ni mgumu. Hivyo niliviacha, na wewe viache hata ukipunguziwa bei. Usafiri nao ni wa shida. Kirikuu anayokuitia inapanga miche tabaka juu ya tabaka, na ya chini inafika shingo zimevunjika. Tafuta usafiri wako, panga miche wima, tabaka moja tu, na turubai juu maana upepo wa njiani unaikausha. Viriba vitupu havipokei, kwa hiyo mkishapanda mkusanye wenyewe. Tumeshavuta vya kutosha kutoka kwenye banio la mfereji.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni oda. Mbegu ya mvengi haitunziki, ikikauka imekufa, hivyo anasia mara tu matunda yanapoiva. Ukienda Desemba bila kuweka oda mapema utapewa mabaki, au utashawishiwa uchukue parachichi, na mama huyu ana maneno matamu hasa. Lipa nusu, andikishana naye jina la mti na idadi, kisha pita katikati ya msimu uone miche yako imewekwa wapi.

Nyota nne. Ya tano nitampa siku atakayovuta bomba hadi kule nyuma.